Wanachama 19 Wasiojulikana: Namna Python Inavyopokea Hoja za Funksheni

Katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa alikuwa mama wa makamo aliyezoea madaftari ya mkono, na alipoipokea karatasi niliyomchapishia hakuanza na jumla ya fedha iliyo chini ya ukurasa kama ambavyo ningefanya mimi. Alivaa miwani, akachomoa kalamu, akaanza kuyapitia majina moja moja kwa sauti ya chini ili ayawekee alama ya vema. Jina la kwanza hakulijua. La pili hakulijua. Aliendelea hivyo, kalamu ikiwa hewani, mpaka akafika jina la 20, ambalo lilikuwa la mwenyekiti wao, na kutoka hapo alama zikaanza kushuka mfululizo hadi mwisho. Kisha akaniambia, "Mwanangu, kikundi chetu kina watu 22. Hapa umeniandikia 41. Hawa wa juu ni wa nani?"

Hawa wa juu walikuwa wanachama wa kikundi cha mtaa wa pili, watu 19 kamili, ambao ripoti yao ilitoka kwenye mashine dakika moja tu kabla ya hiyo. Nilimwomba radhi na kumwambia kwamba ni kosa la kompyuta, jambo ambalo halikuwa kweli, kwa sababu kompyuta ilikuwa imefanya kile hasa nilichoiandikia. Nilirudi nyumbani na ile karatasi yenye majina 19 yasiyo na alama yakifuatwa na majina 22 yenye alama, na mpangilio huo ndio uliokuwa jibu lenyewe, kama ningejua kuusoma.

Sehemu ya programu iliyohusika, niliyoiandika kwa lugha ya Python, ilikuwa fupi kiasi hiki:

```
def soma_daftari(faili, michango=[]):
    for mstari in open(faili):
        michango.append(mstari.strip())
    return michango
```

Kwa msomaji ambaye haandiki Python, `def` inatambulisha funksheni, yaani kipande cha programu chenye jina ambacho huitwa kufanya kazi fulani, na yaliyo ndani ya mabano ni vigezo vyake, yaani majina ambayo funksheni itayatumia kuviita vitu itakavyoletewa. Vile vitu vyenyewe, vinavyoletwa wakati funksheni inapoitwa, ndivyo tunavyoviita hoja. Watu huyachanganya maneno haya mawili na mara nyingi hakuna madhara, ila katika kisa hiki tofauti yake ni muhimu: kigezo ni jina, hoja ni kitu. Kigezo cha pili, `michango`, kimepewa chaguo-msingi, yaani kitu cha kutumiwa hoja isipoletwa, ambalo ni orodha tupu. Nia yangu ilikuwa kwamba mtu mwenye orodha aliyokwisha kuianza, kwa mfano ya waliolipa wakiwa wamechelewa, aipeleke ili iendelezwe, na asiye nayo aanziwe orodha mpya isiyo na kitu. Nilisoma daftari la kwanza, nikachapisha, nikasoma daftari la pili, nikachapisha. Wakati wa majaribio nilikuwa nimeendesha kila daftari peke yake, nikifunga programu na kuifungua upya, kwa hiyo kila kitu kilionekana sawa. Siku ya kazi halisi ndiyo ilikuwa siku ya kwanza ya kuyaendesha mawili kwa mkupuo mmoja.

Nilitafuta kosa kwa saa nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, na nikiangalia nyuma naona kwamba kilichonichelewesha hakikuwa ugumu wa lugha bali picha niliyokuwa nayo kichwani. Nilipoanza kujifunza kuandika programu niliambiwa kwamba kigeu ni sanduku: ukiandika `a = 5` umeweka 5 ndani ya sanduku lenye jina `a`, na ukiandika `b = a` umenakili kilichomo na kukiweka katika sanduku la pili. Picha hiyo inafaa kwa lugha ya C, ambako kigeu ni sehemu halisi ya kumbukumbu ya kompyuta yenye ukubwa unaojulikana, na funksheni inayoitwa hupewa nakala ya kilichomo. Lugha zilizotangulia zilikuwa na taratibu zake nyingine. Ripoti ya Algol 60, iliyotoka mwaka 1960, iliruhusu njia mbili, kupitisha thamani na kupitisha jina, na katika njia ya pili hoja ilikokotolewa upya kila mara kigezo kilipotajwa. Fortran za zamani kwa kawaida zilipitisha anwani ya mahali hoja ilipo kwenye kumbukumbu, na kulikuwa na kompaila, yaani programu za kutafsiri msimbo kuwa lugha ya mashine, ambazo ukiipelekea funksheni namba 4, nayo ikaibadilisha kuwa 5, basi kuanzia hapo kila 4 iliyoandikwa katika programu iligeuka kuwa 5. Wazee wa fani hulisimulia jambo hilo kwa kicheko, ingawa nina shaka kama walicheka siku lilipowatokea.

Python haina masanduku. Lugha hii, ambayo Guido van Rossum alianza kuiandika huko Amsterdam mwishoni mwa mwaka 1989 na kuitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1991, hupitisha hoja kwa namna ambayo Barbara Liskov na wenzake wa chuo cha MIT walikuwa wamekwisha kuipa jina miaka ya 1970 walipobuni lugha ya CLU. Waliiita kupitisha kwa kushirikiana. Kinachoingia funksheni si nakala ya kitu, wala si anwani ya sanduku la mwitaji, yaani sehemu ya programu iliyoiita funksheni. Kinachoingia ni kitu chenyewe, na kikifika ndani hupewa jina jingine.

Sisi tunaoishi katika jamii ambamo mtu mmoja ana majina manne hatupaswi kupata taabu na jambo hili, na ndiyo maana sioni kwa nini tunafundishana kwa masanduku. Chukua mwanamke ambaye mtaani tunamwita Mama Neema, ofisini wanamwita Madamu, kwao bado wanamwita Tumaini, na akiingia saluni msusi anamwita dada. Akinyolewa nywele huko saluni, anayenyolewa ni yuleyule atakayeingia ofisini kesho akiwa kipara. Hakuna Mama Neema wa pili aliyebaki nyumbani na nywele zake. Hivyo ndivyo orodha inavyokuwa ikipelekwa kwenye funksheni ambayo inaongeza au kuondoa kitu ndani yake. Lakini msusi akimaliza kazi na kumgeukia mteja anayefuata, naye akamwita dada, Mama Neema haguswi na chochote. Neno "dada" limehamia kwa mtu mwingine, basi.

Katika msimbo, mambo hayo mawili yanaonekana hivi:

```
def nyoa(orodha):
    orodha.append("Asha")

def hamisha(orodha):
    orodha = ["Asha"]
```

Ukiwa na orodha ya majina na ukaipeleka kwa `nyoa`, ukirudi utaikuta ina Asha. Ukiipeleka kwa `hamisha`, utaikuta kama ulivyoiacha, kwa sababu alama ya `=` ndani ya funksheni haifanyi kitu chochote juu ya orodha yako; inalichukua jina `orodha`, ambalo ni la humo ndani tu, na kulifunga kwenye orodha nyingine. Mtu anayefikiri kwa masanduku atasema kwamba funksheni ya kwanza ilipewa sanduku na ya pili ilipewa nakala, kisha atatafuta kanuni ya kueleza lini Python hutoa sanduku na lini hutoa nakala. Nimesoma maelezo mengi ya aina hiyo, mengine yakidai kwamba namba hupitishwa kwa njia moja na orodha kwa njia nyingine. Si kweli. Vyote hupitishwa kwa njia moja. Tofauti ni kwamba namba, maandishi na vitu vingine vya aina hiyo havibadiliki ndani yake, kwa hiyo hakuna namna ya kuvinyoa; unachoweza ni kuhamisha jina tu.

Mahali ambapo hata wazoefu hujikwaa ni hapa:

```
def jumlisha_a(orodha):
    orodha = orodha + ["Asha"]

def jumlisha_b(orodha):
    orodha += ["Asha"]
```

Kwa macho ya hesabu za shuleni mistari hii miwili ni kitu kimoja. Kwa Python, wa kwanza unatengeneza orodha mpya na kulihamisha jina, na orodha ya mwitaji inabaki salama. Wa pili unaiongezea orodha ileile iliyopo, na mwitaji atalikuta jina la Asha ingawa hakulitaka. Na kama badala ya orodha ungepeleka namba, mistari yote miwili ingekuwa ya kuhamisha jina, kwa sababu namba haina ndani pa kuongezea. Mimi nalihesabu jambo hili kuwa dosari ya lugha. Alama moja isingepaswa kumbadilikia msomaji kulingana na kilichopelekwa na mtu mwingine katika faili jingine.

Sasa turudi kwa wale watu 19. Kujua kwamba hoja ni kitu chenyewe hakukunitosha, kwa sababu mimi sikuwa nimepeleka hoja yoyote ya `michango`. Nilipeleka jina la faili tu na kuacha chaguo-msingi lifanye kazi yake. Swali lililobaki lilikuwa lini ile orodha tupu hutengenezwa. Nilidhani hutengenezwa kila ninapoita, maana ndivyo mstari unavyosomeka kwa mtu wa kawaida: ikiwa hukuleta kitu, chukua orodha tupu. Lakini katika Python mstari wa `def` wenyewe ni amri inayotekelezwa kama amri nyingine yoyote. Interpreta, yaani programu inayosoma na kutekeleza msimbo wa Python, inapofika hapo inaunda funksheni, na wakati huohuo inakokotoa kila kilichoandikwa upande wa kulia wa `=` ndani ya mabano, mara moja tu, na kukihifadhi pamoja na funksheni hiyo. Zile mabano za mraba mbili zilitengeneza orodha moja. Orodha hiyo ikakaa na funksheni muda wote programu ilipokuwa hai, na kila nilipoita bila kuleta yangu, niliazimwa ileile.

Unaweza kuiona kwa macho. Kila funksheni hubeba machaguo-msingi yake katika sehemu inayoitwa `__defaults__`, na usiku ule, baada ya kuita mara mbili, niliandika:

```
print(soma_daftari.__defaults__)
```

Yakamiminika majina 41, kuanzia mwanachama wa kwanza wa kikundi cha kwanza hadi wa mwisho wa kikundi cha pili, kwa mpangilio uleule wa karatasi ya katibu. Hapo ndipo nilipotambua pia kwamba ripoti ya kikundi cha kwanza ilinusurika kwa bahati tu. Niliichapisha kabla ya kusoma daftari la pili. Kama ningesoma yote mawili kwanza na kuchapisha mwishoni, makatibu wawili wangepokea karatasi zinazofanana neno kwa neno, kila moja ikiwa na watu 41, kwa sababu kile nilichokiita `wa_kwanza` na kile nilichokiita `wa_pili` vilikuwa majina mawili ya orodha moja.

Kosa hili lina ndugu yake ambaye ni mgumu zaidi kumkamata, na nilikutana naye miezi kadhaa baadaye nilipoandika sehemu ya risiti:

```
from datetime import date

def andika_risiti(jina, kiasi, tarehe=date.today()):
    ...
```

Hapa hakuna orodha wala kitu cha kubadilisha, na mtu aliyekariri kanuni ya "usitumie orodha kama chaguo-msingi" atapita bila wasiwasi. Lakini `date.today()` nayo hukokotolewa mara moja, interpreta inapopita kwenye `def`. Kompyuta ya kikundi ilikuwa haizimwi. Programu ilifunguliwa Jumatatu asubuhi na kuachwa wazi, na risiti za Jumatano zikatoka na tarehe ya Jumatatu. Aliyeligundua alikuwa mwanachama aliyelipa Jumatano na kujikuta na karatasi inayosema amelipa kabla ya mshahara wake kuingia. Nilipoizima programu na kuiwasha ili nichunguze, tarehe ilikuwa sahihi kabisa, na nikapoteza nusu siku nikiikagua saa ya kompyuta.

Kwa nini lugha ilipangwa hivi? Lugha ya Ruby hukokotoa chaguo-msingi upya kila funksheni inapoitwa, na JavaScript, ilipoongezewa machaguo-msingi katika toleo la mwaka 2015, ilifuata njia hiyohiyo. Python ina sababu yake, nayo ni kuwa na kanuni moja: kilichoandikwa kwenye mstari wa `def` hufanyika pale `def` inapotekelezwa, na kilichoandikwa ndani ya mwili hufanyika pale funksheni inapoitwa. Ukiikubali kanuni hiyo, hakuna cha kushangaza tena. Naikubali, na bado naona kwamba bei yake imebebeshwa watu wasiostahili, kwa maana anayeumia si yule anayeijua kanuni bali mwanafunzi wa wiki ya tatu. Mwaka 2021 lilitolewa pendekezo, namba 671 katika mfululizo wa mapendekezo rasmi ya lugha hiyo, la kuongeza alama mpya ya chaguo-msingi linalokokotolewa wakati wa kuita. Mpaka toleo la 3.13 lilikuwa halijaingizwa.

Kwa haki lazima niseme pia kwamba tabia hiyohiyo iliwahi kuniokoa. Nilikuwa natengeneza vitufe vya dirisha, kimoja kwa kila mwanachama, na kila kitufe kilipaswa kuonyesha jina la mwenyewe:

```
vitufe = []
for jina in ["Juma", "Asha", "Neema"]:
    vitufe.append(lambda: print(jina))
```

Hapa `lambda` ni funksheni ndogo isiyo na jina, itakayoitwa kitufe kikibonyezwa. Ukivibonyeza vyote vitatu, vyote vinasema Neema. Kila kimoja kinalitafuta jina `jina` siku ya kubonyezwa, na siku hiyo kitanzi kimekwisha kupita na jina limebaki kwa mtu wa mwisho. Dawa yake inaonekana ya kipuuzi mpaka uielewe: unaandika `lambda jina=jina: print(jina)`. Upande wa kulia hukokotolewa papo hapo, kitufe kinapoundwa, na kila kitufe kinaondoka na mtu wake kama chaguo-msingi. Kilekile kilichonikosesha usingizi kwenye orodha kilifanya kazi niliyoitaka kwenye vitufe.

Upo upande mwingine wa hoja ambao haunyimi watu usingizi kiasi hicho lakini unahusu fedha, nao ni namna funksheni inavyojua hoja ipi ni ya kigezo kipi. Kiswahili kina njia mbili za kufanya kazi hiyo. Tukisema "Juma alimwona Asha", kinachotujulisha nani aliona na nani alionwa ni nafasi peke yake. Geuza majina, na maana inageuka. Lakini "nilimpa Juma kitabu" na "nilimpa kitabu Juma" ni habari moja, kwa sababu kile kiambishi "m" ndani ya kitenzi kimekwisha kusema kwamba mpokeaji ni mtu, na kitabu hakiwezi kujipenyeza katika nafasi hiyo hata kikitangulia. Python nayo inaruhusu hoja za nafasi, zinazopangwa kwa mfuatano, na hoja za jina, zinazobeba utambulisho wake popote zinapowekwa. Tazama mstari huu:

```
toa_mkopo("Juma", 300000, 10, 6)
```

Je, ni riba ya asilimia 10 kwa miezi 6, au asilimia 6 kwa miezi 10? Kwa riba ya mkupuo, inayotozwa mara moja bila kujali idadi ya miezi, jibu la kwanza linamtoza Juma 30,000 na la pili 18,000, na interpreta haitalalamika kwa lolote kati ya hayo. Hizo ni namba mbili, na kama ilivyo kwa Juma na Asha, hakuna kinachozitofautisha isipokuwa foleni. Tangu Python 3.0, iliyotoka mwaka 2008, mwandishi wa funksheni anaweza kumlazimisha mwitaji kutaja majina kwa kuweka nyota peke yake katikati ya vigezo:

```
def toa_mkopo(jina, kiasi, *, miezi, riba):
    ...

toa_mkopo("Juma", 300000, riba=10, miezi=6)
```

Vilivyo baada ya nyota havipokelewi kwa nafasi, na anayejaribu atasimamishwa kwa hitilafu kabla mkopo haujaandikwa. Siku hizi kila funksheni yangu inayogusa fedha ina nyota hiyo mapema iwezekanavyo. Toleo la 3.8, la mwaka 2019, lilileta alama ya mkwaju, `/`, inayofanya kinyume chake: vilivyo kabla yake hupokelewa kwa nafasi tu na haviwezi kutajwa kwa jina. Hiyo huwafaa zaidi waandishi wa maktaba, yaani mikusanyo ya funksheni za kutumiwa na wengine, ambao wakiliacha jina la kigezo litumiwe na watu hawawezi tena kulibadilisha bila kuvunja programu za wengine. Nyota inapotangulia jina la kigezo ina kazi nyingine, ya kukusanya hoja zote za ziada katika fungu moja, na nyota mbili hukusanya zile za jina katika kamusi. Ni vitu vinavyofaa, ingawa nimekuta funksheni nyingi ambazo mwandishi wake aliweka nyota hizo kwa sababu tu hakutaka kuamua anahitaji nini.

Kuhusu hesabu ya hoja, Python ni kali, na ukali huo naupenda. Katika JavaScript, au katika Lua iliyozaliwa Rio de Janeiro mwaka 1993, ukipeleka hoja pungufu kigezo kilichokosa kitu hubaki kitupu na kazi inaendelea. Ukipeleka nyingi, za ziada hutupwa kimyakimya. Python hukataa pande zote mbili na kukutajia jina la kigezo ulichokisahau. Kikundi kinachoshika fedha za watu kinahitaji mashine ya kukataa.

Linabaki swali la adabu, yaani funksheni iliyopewa kitu cha mwenzake ina ruhusa ya kukifanya nini. Lugha yenyewe hailindi. Hakuna alama ya kuandika kwenye kigezo itakayoizuia funksheni isiiguse orodha uliyoipeleka, kwa hiyo watumiaji wa Python wamejiwekea desturi, na desturi hiyo inaonekana vizuri katika njia mbili za kupanga. `sorted(majina)` inakurudishia orodha mpya iliyopangwa na kuiacha yako ilivyo. `majina.sort()` inaipanga yako yenyewe na hairudishi kitu ila `None`, ambayo kwa Python ni alama ya "hakuna kitu", na hilo ni la makusudi, ili usije ukadhani umepewa nakala. Nami najitahidi kufuata mtindo huo: funksheni yangu ama inabadilisha na hairudishi kitu, ama inarudisha kipya na haibadilishi. Ile `soma_daftari` ilifanya yote mawili, iliongeza na kurudisha, na kwa hiyo hakuna aliyeweza kujua kwa kuutazama mstari wa kuita kama alikuwa anapokea orodha mpya au anarudishiwa ya zamani. Pale ninapotaka uhakika kwamba kitu changu hakitaguswa, napeleka nakala, `list(majina)`, nikikumbuka kwamba hiyo ni nakala ya orodha ya juu tu. Kama ndani yake kuna orodha nyingine, hizo bado ni za kushirikiana, na kuzinakili zote hadi chini kunahitaji `deepcopy`.

Marekebisho yenyewe yalikuwa ya mistari miwili:

```
def soma_daftari(faili, michango=None):
    if michango is None:
        michango = []
    for mstari in open(faili):
        michango.append(mstari.strip())
    return michango
```

Orodha tupu sasa imehamia ndani ya mwili, kwa hiyo inatengenezwa upya kila ninapoita bila kuleta yangu. Mara ya kwanza niliandika `if not michango`, kwa kuwa ni fupi, na nikajitengenezea kosa jingine: orodha tupu nayo huhesabiwa kuwa "si kitu" katika sharti la namna hiyo, kwa hiyo mwitaji aliyeleta orodha yake ikiwa bado haina jina angetengenezewa nyingine pembeni, na ile yake ingebaki tupu milele. `is None` inauliza swali hasa ninalotaka kuuliza, yaani kama mwitaji hakuleta kitu, bila kujali kama alicholeta kimejaa au la.

Wiki iliyofuata nilimpelekea katibu karatasi mpya. Hakunichukulia neno, alivaa miwani, akachomoa kalamu, akayapitia majina yote 22 kwa sauti ya chini, alama ikashuka mbele ya kila moja. Alipomaliza aliikunja karatasi na kuniuliza kama ninaweza kuongeza safu ya faini kwa wanaochelewa kikao. Niliongeza kigezo kipya baada ya nyota, `faini=0`, na chaguo-msingi hilo nililiacha pale pale kwenye mabano bila hofu, kwa kuwa sifuri haina ndani pa kuongezea kitu.